Msikiti wa Mlimani: shajara ya matengenezo, Pemba (miezi ni ya Kiislamu; Mfunguo Nne ni Muharamu)

Mfunguo Nne

Kamati imekata shauri: msikiti hauvunjwi. Vikao vimekuwa vingi, na kimoja watu waliondoka bila ya kuomba dua. Ami wa mmoja wetu aliyeko Maskati alileta ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, kwa nia njema kabisa, kwamba atabeba gharama za msikiti mpya wa ghorofa, marumaru mpaka chooni, na mnara unaoonekana kutoka barabara kuu. Sharti lake moja tu: huu uliopo uondoke, maana juu ya mlima hapatoshi miwili. Vijana wengi waliupenda mpango huo, na siwalaumu. Wao ndio wanaofagia vumbi la chokaa kila alfajiri.

Aliyegeuza kikao ni maalim wa chuo cha Kurani. Alisikiliza weee, mwisho akasema: "Mpya mutaujenga mukitaka, hata pale bondeni kwenye uwanja. Huu mukishauvunja, mutaurudisha kwa fedha ya nani?" Ami amepelekewa jibu kwa adabu. Kakubali kutoa fedha za paa badala yake, lakini suala la mnara hajaliacha.

Watu wa bara wakisikia Pemba kuna mlima hucheka. Na wacheke. Anayepanda na dumu la maji begani anajua anachopanda.

Hali ya jengo kwa sasa naiandika ili tusije tukabishana baadaye. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kiasi cha mkono kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Ndani kuna safu moja ya nguzo za mraba inayokwenda katikati moja kwa moja kuelekea kibla, kwa hiyo anayesimama nyuma ya nguzo hamuoni imamu. Paa la zamani lilikuwa la bapa, boriti chini na mawe na chokaa juu. Liliporomoka kabla sijazaliwa, na likawekwa bati. Bati nalo limekula kutu. Ukuta wa mashariki una ufa unaopitisha kiganja. Ndani na nje, hadi kimo cha kifua, umepakwa lipu ya saruji na watu waliodhani wanauimarisha.

Swala haisimami. Tunafanya kazi baina ya asubuhi na adhuhuri, na anayesali asali barazani.

Mfunguo Nne, mwishoni

Tumeanza kubandua saruji. Fundi wetu ni mzee aliyejifunza kazi ya chokaa Mji Mkongwe, kwenye nyumba za mjini, akarudi kwao Pemba kulima. Alitaka nyundo ndogo na patasi tu, na kila kijana aliyekuja na sururu alirudishwa nyumbani.

Nyuma ya saruji ukuta umeoza. Chokaa iliyokuwa ikishika mawe imegeuka unga. Unaichota kwa vidole. Vijana wakashangaa, maana juu yake saruji ilikuwa ngumu kama siku ilipopakwa. Fundi akawaeleza vizuri kuliko nitakavyoandika mimi. Ukuta wa mawe na chokaa hauna msingi wa zege wala nailoni ya kuzuia unyevu; hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia usoni pake, na chokaa huyaachia njia. Ukiuziba kwa saruji maji hayaachi kupanda, ila sasa hayana pa kutokea. Yanabaki ndani pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka hukua na kuyasukuma mawe na chokaa iliyoko baina yao. Nje panaonekana pazima huku ndani panaliwa.

Tena saruji yenyewe ilichanganywa na mchanga wa pwani usiooshwa. Hapo chumvi imeletwa kwa kapu na kukandikwa ukutani!

Sina ugomvi na saruji. Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji na siku zote nimelala salama. Lakini haikufaa hapa, na huu si msikiti pekee wa kale visiwani uliofanyiwa hivyo.

Mfunguo Tano

Maneno yamezagaa kwamba tunatafuta dhahabu. Chanzo kinajulikana: Mtambwe Mkuu, magofu ya mji wa kale hapa Pemba. Mwaka 1984 pale palipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na chache za dhahabu, za zama za karne ya 11. Wapemba wa umri wangu wamekua na hadithi hiyo, na kila anayeshika jembe karibu na ukuta wa kale huulizwa amepata ngapi. Bahati nzuri ofisa wa mambo ya kale aliyekuja kutukagua ametukataza kuchimba sakafu hata shubiri moja. Lolote lililo chini libakie chini mpaka waje watu wenye elimu ya kuchimbua. Tumelitangaza sharti hilo baada ya swala ya Ijumaa kwenye msikiti wa jamaa bondeni, na minong'ono imepungua kidogo.

Yeye huyo ofisa ndiye aliyetuuliza swali lililotukalisha barazani mpaka magharibi: umejengwa na nani?

Wazee wana majibu mawili. La kwanza ni Mkame Ndume, mtawala wa Pujini, yule ambaye inasimuliwa aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. La pili ni Wadebuli, watu waliokuja kwa bahari zamani za zamani. Kwa Pemba kila ukuta usio na mwenyewe hupewa mmoja wa hawa. Ngome ya Pujini ipo kweli, na waliochimbua pale wameiweka kwenye karne ya 15 na ya 16. Lakini Mkame Ndume angejenga kila anachopewa asingepata muda wa kumtesa mtu.

Mimi nilipenda kuusikiliza ukuta wenyewe. Kwenye pwani yetu misikiti ya mwanzo kabisa ya mawe ilijengwa kwa tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi, laini, linachongeka kwa shoka na kunyooka kama mbao. Likikauka huwa gumu. Baadaye, takriban kuanzia karne ya 14, mafundi wakahamia kwenye mawe ya kuchimbwa nchi kavu, magumu, yasiyo na umbo, wakayashika kwa chokaa nyingi, na tumbawe la baharini likabaki kwa mihrabu, yaani kishubaka cha imamu upande wa kibla, na mizingo ya milango tu. Kuta zetu ni za mawe ya nchi kavu. Mihrabu ni ya tumbawe lililochongwa. Kwa hiyo wa mwanzo kabisa si huu.

Sasa lipo jambo linalonikosesha usingizi. Kwenye ufa wa mashariki, ndani ya ukuta, limo tofali la tumbawe lililochongwa ukingo wa nakshi ya kamba, limetiwa kichwa chini kama jiwe lolote la kujazia. Mtu hachongi nakshi ili aifukie. Limetoka kwenye jengo jengine lililokuwepo kabla, hapa hapa au karibu, na aliyejenga huu aliliokota akalitumia. Fundi kalirudisha palepale, kichwa chini vilevile. Tumelipiga picha.

Mfunguo Tano, bado

Kuna waliosema basi kama si wa kale kabisa, kelele za nini. Kwa ajili yao nilivuka kwenda Unguja na nikafika Kizimkazi Dimbani.

Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye mihrabu yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiislamu yanayojulikana katika pwani yote ya Afrika Mashariki, na watu wanasali mbele yake mpaka leo. Ukiuona kwa nje lakini utaupita: kuta nyeupe na paa la bati. Sehemu kubwa ya jengo ni ya ukarabati wa karne ya 18. Waliokuja baada ya miaka mia sita na ushei waliukuta umechakaa, wakainua kuta upya na wakayaacha maandishi mahali pake.

Hili ndilo ninalowaambia wanaotaka uamuzi wa ama wa kale ama mpya. Msikiti wa kale ulio hai ni ule uliotengenezwa na kutengenezwa tena, kila kizazi kikiweka mkono wake bila ya kufuta wa waliotangulia. Usiotengenezwa ni kama ule wa Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake: mji mzima ulihama, na kuta zimesimama kwenye vichaka pamoja na makaburi ya nguzo. Wataalamu wanafika miaka nenda miaka rudi, wanapima, wanachimbua, wanaandika. Safu ya swala hakuna.

Wetu nadhani uliinuliwa upya enzi za karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo karafuu nyingi zikawa zinatoka huku. Fedha ilipanda milima hii, na penye shamba kubwa palihitajika pa kusalia. Lakini jiwe lile la nakshi halikuja na karafuu.

Mfunguo Sita

Tumechoma chokaa. Hii naiandika kwa urefu kwa sababu waliowahi kuiona kwa macho hapa kijijini wamebaki wachache, na wote wana miwani.

Mawe ni ya kuchimbwa nchi kavu. Tumbawe la baharini hatukugusa. Kuni ni minazi iliyokufa na muembe ulioangushwa na upepo. Fundi alipiga duara chini kwa kamba na kijiti, akapanga magogo kwa tabaka kuzunguka, akiacha tundu katikati kutoka chini hadi juu. Magogo yakapanda mpaka kifuani. Juu yake yakatandazwa mawe, yamevunjwa ukubwa wa ngumi, si zaidi, maana jiwe kubwa hubaki bichi moyoni. Vifuu vikavu vikatiwa kwenye tundu, na moto ukashushwa kutoka juu baada ya isha, upepo ukiwa umelala.

Jiwe linataka joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi ndipo liachie hewa ya ukaa iliyomo ndani yake. Hakuna kipimajoto. Fundi alitazama rangi ya moto na kusikiliza. Mawe yakiiva hupasuka kwa sauti ya juu na kavu, na yeye alizijua sauti zilizokuwa zikitaka kuni na zilizokuwa hazitaki. Watoto hawakulala. Akina mama walileta chai ya mchaichai na mkate wa kumimina, na kwa kuwa ni mwezi wa Maulidi, mtu akaanza kaswida pale kwenye moto na haikukatika mpaka kulipopambazuka.

Kulipopoa tukabaki na lundo jeupe ambalo ukiliinua jiwe lake ni jepesi mkononi. Likamwagiwa maji kidogo kidogo. Hapo ndipo wageni hukimbia: jiwe baridi linachemka lenyewe, linatoa mvuke, linavimba na kuanguka unga. Unga ukachekechwa na kutiwa shimoni na maji, ukafunikwa kwa makuti. Fundi anataka ilale humo mpaka Rajabu. Katibu aliuliza kama haiwezekani mapema.

"Chokaa haikimbizwi, mwanangu. Ukiikimbiza leo itakukimbiza masika."

Ukishaipaka, chokaa huvuta tena kutoka hewani ile hewa iliyoitoa motoni, na kwa njia hiyo inarudi kuwa jiwe. Kazi hiyo inataka miezi, na inataka unyevu. Ikikaushwa na jua kabla ya wakati hubaki vumbi lililoshikamana. Ndiyo maana kupaka kwenyewe kutasubiri, na kila ukuta utavalishwa magunia mabichi.

Mfunguo Nane

Hakuna kazi. Karafuu zimekubali, na kijana anayelipwa kwa pishi hawezi kuacha mti akaja kubandua lipu kwa thawabu tupu. Uwanja wa msikiti wenyewe umetandikwa majamvi ya karafuu. Imamu karuhusu, kwa sharti njia ya kibla iachwe wazi. Mvua za vuli zimetufanya tufunike ukuta wa mashariki kwa turubai.

Mfunguo Tisa

Tumerudi, na tumepata chombo.

Kwenye ukuta wa kusini, chini ya tabaka za chokaa nyeupe zilizopakwa Shaabani hadi Shaabani mpaka zikafika unene wa kidole, pametokea mikwaruzo kwenye lipu ya asili. Fundi alisimamisha kazi, akachukua brashi ya rangi kuukuu. Polepole likatoka tumbo la chombo, omo lililochongoka, mlingoti mmoja, na tanga la mraba. Limechorwa kwa ncha ya msumari au kisu, na mtu aliyejua kamba zinafungwa wapi. Tanga la mraba si la jahazi. Ni mtepe, vyombo vile vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari wa chuma, vilivyobeba tanga la mkeka na vilivyotoweka kwenye bahari zetu karne iliyopita. Michoro ya namna hii imeonekana kwenye kuta nyingi za kale za pwani, misikitini na majumbani, lakini hapa kwetu hakuna aliyewahi kusikia.

Mjadala ukazuka papo hapo: picha msikitini? Imamu aliumaliza kabla ya adhuhuri. Chombo hakina roho, na kimo nyuma ya safu, hakimshughulishi anayesali. Kibaki. Waliokuja baadaye kutoka vijiji vya jirani kukiona walikuwa wengi kuliko wanaokuja kusali alasiri, na nilimwona imamu akiwahesabu kwa jicho.

Uamuzi wa kamati: kipande hicho cha ukuta hakitapakwa. Kitaachwa kama dirisha kwenye lipu mpya, ukingo wake umalizwe mviringo ili maji yasiingie nyuma.

Kwenye mihrabu kuna jambo jengine. Pande zake mbili zina matundu ya duara, ya kina kifupi, ambayo zamani yalishika vibakuli vya kauri. Vyote vimeng'olewa, na kama ilivyo kwa makaburi mengi ya kale ya pwani, hakuna ajuaye vimekwenda nyumba gani. Bibi mmoja mwenye mapenzi ametuletea seti ya vibakuli vipya kutoka madukani Chake, vyenye maua ya buluu, vimetengenezwa China. Kijana mmoja akacheka, akaambiwa na fundi asicheke, kwani vingi vya zamani navyo vilitoka hukohuko. Hata hivyo matundu tumeamua yabaki matupu. Vibakuli vya bibi vinatumika kwa kahawa barazani, na ameridhia.

Rajabu

Kaskazi imeingia, hewa kavu, na chokaa imetoka shimoni laini kama siagi. Mchanganyiko: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa shimo uliooshwa, na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kipimo cha mkono wa fundi. Ufa wa mashariki umejazwa mawe madogo kwa kugongwa moja moja. Lipu inapakwa tabaka nyembamba, na haiongezwi ya pili mpaka ya kwanza ishike. Magunia yanamwagiwa maji asubuhi na jioni. Zamu ni ya watoto wa chuo, nao wameigeuza mchezo.

Mtu mmoja aliyenunua dira ya simu amegundua kuwa mihrabu imekengeuka kidogo. Pemba na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, takriban nyuzi 39.8 mashariki, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini hasa. Mihrabu yetu inaegemea mashariki kwa kiasi ambacho bila ya simu hakionekani. Imamu kasema waliotangulia walielekea upande wa Makka na swala zao zimepokewa, inshallah, mihrabu haiguswi. Mikeka nayo haitapindwa.

Shaabani

Paa. Hapa fedha za ami zimeingia, na hapa ndipo pa kuogopa.

Fundi angependa kurudisha dari ya mawe na chokaa, ile iliyokuwa ikitwangwa kwa magongo na kundi zima huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka maji yasipite. Nami ningependa. Lakini dari hiyo ina uzito mkubwa sana, na inataka boriti za mikoko, ambazo leo hazikatwi bila ya kibali. Urefu wa boriti hizo ndio uliopima jengo lote: mita mbili na nusu hadi tatu baina ya ukuta na nguzo, basi. Wanaolalamikia nguzo zinazoziba mihrabu walalamikie mti wa mkoko.

Tulikumbushana Beit-el-Ajaib, Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe. Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa jumba lile uliporomoka, tena wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jumba lenyewe ni la 1883, lilijengwa na sultani kwa mali ya sultani. Sisi tuna ukuta uliokuwa na ufa, uliojazwa juzi, na chokaa ambayo bado haijashika moyoni. Kuutwika tani za mawe mwaka huu ni kutafuta msiba.

Kwa hiyo: bati jipya, juu ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, lililonyanyuliwa kidogo kutoka vichwa vya kuta ili hewa ipite, na mapaa yametokeza nje ili mvua ya masika isipige lipu changa. Ni kama walivyofanya Kizimkazi. Matundu ya boriti za zamani hayakuzibwa. Wajukuu wakitaka kurudisha dari watajua pa kuanzia.

Mnara hapana. Misikiti ya kale ya pwani yetu kwa jumla haina. Muadhini alipanda ngazi akaadhini juu ya paa, na ule mnara wa Malindi, Mji Mkongwe, ni miongoni mwa michache. Ami ameambiwa tena. Safari hii amejibu kwa kuuliza bei ya spika.

Kilichobaki ni birika la kutawadhia. Mawe ya kusugulia miguu yapo yote, lakini sakafu ya birika inavuja, na nayo imepakwa saruji. Kazi hiyo itaanza baada ya sikukuu, na tanuu jengine litahitajika. Mwenye mnazi uliokufa asiukate kuni kwanza, azungumze na katibu. Magunia makuukuu pia yanatakiwa, yale ya katani, si ya nailoni. Yapelekwe chuoni kwa maalim.